Mshono Namba 417

Baba aligonga magurudumu ya treni
kwa nyundo yenye mpini mrefu kumshinda,
kituo ambacho garimoshi lilisimama dakika nane
na abiria wakashuka kununua samaki wakavu.
Gurudumu zima lililia, akapita.
Lenye ufa lilikohoa.
Chuma hakijui uongo, alisema,
ni sisi tusiojua kuuliza.

Mimi sina nyundo.
Nina kifaa kidogo, ukubwa wa kiberiti,
kinachotuma sauti kwa pembe ya nyuzi sabini,
na waya, na skrini inayoning'inia kifuani,
na kopo la jeli ninalolala nalo ndani ya blanketi
lisije likaganda.
Sauti ninayoipeleka ndani ya feleji
hakuna sikio linaloipata, hata la mbwa wa mlinzi.
Inaingia kimshazari, inagonga ukuta wa ndani, inapanda tena.
Isipokuta kitu haina la kuniambia.
Kimya kingi kina mshindo, walisema,
lakini mimi kwa kimya ndipo ninapolipwa.

Leo nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nyika ni nyeupe mpaka macho yanauma
na bomba limeilalia kama mstari wa mtu aliyefuta jibu.
Dosbol, msimamizi, anatazama saa, hanitazami mimi.
Mishono kumi na tisa kabla ya giza.
Tumeyeyusha barafu kwa moto wa gesi,
tumesugua kwa brashi ya waya,
nimepaka jeli, nimeanza: mbele, nyuma, mbele,
kama anayepiga pasi kola ya shati la mtu mwingine.

417 ni wa Temirkhan.
Ningeujua bila kusoma chapa yake:
viwimbi vimelaliana kama magamba,
hakuna tone lililoruka, hakuna mahali mkono ulisita.
Vijana huletwa kwa basi kuutazama mkono huo.
Hata jina lake, kwa lugha yetu, lina chuma ndani.

Bomba lingekuwa saa ya ukutani,
ilikuwa kwenye nne:
kijiti chembamba cha mwanga kikasimama.

Nikafuta. Nikapaka upya.
Nikarudi kwenye kipande cha mfano, chenye tundu ninalolijua,
kuhakikisha mashine ina akili timamu.
Kijiti kikasimama palepale.
Kina, milimita kumi na moja. Urefu, kumi na nne.
Hapo chuma na chuma vililala kitanda kimoja
bila kugusana.

Mshono huu aliuchoma tarehe tisa.
Tarehe nane usiku simu ilimjia kutoka Kizilorda,
na asubuhi akavaa kinyago chake kama kawaida.
Hakumwambia mtu.
Mimi nalala upande wa pili wa ubao;
nilisikia kitu kisichokuwa kilio,
mwanamume akipumua kwa hesabu.

"Upo sawa?" Dosbol akaita kutoka kwenye gari.
Neno moja tu lilitakiwa. Silabi mbili. *Sawa.*
Nikachukua rangi ya njano.

Temirkhan akaja na chai yake, akaona alama, hakubisha.
"Kina gani?"
"Kumi na moja."
Akavua glavu, akaweka kiganja kitupu pale,
juu ya chuma kinachong'ata ngozi,
akakiacha muda mrefu kuliko inavyofaa.
"Hapo nilibadilisha fimbo," akasema,
na akaenda kuleta mashine ya kusaga.

Cheche zilianguka thelujini na kutoboa vitundu.
Akachimba mpaka akalikuta pengo, jeusi, dogo, la kuchekesha,
unywele ambao mafuta yangeungoja miaka.
Akaujaza. Tukangoja upoe.
Nikapima kwa tochi: kimya.
Nikaandika 417, na kando yake herufi ya marekebisho
ambayo itabaki kwenye karatasi baada yetu sote.
Dosbol alihesabu mishono kumi na sita, akatukana hali ya hewa.

Usiku nilikunja kidole
nikaugonga ubao, mara moja, taratibu,
alivyogonga baba.

Kikapita kitambo.
Kisha upande wa pili ukajibu.